Awinja na Fahali Aliyezikwa na Pembe Zake

Osiako ni dalali wa ng'ombe. Ameifanya kazi hiyo tangu alipoacha shule kule Butere, na kama kuna kitu anachokijua kuliko ng'ombe, ni watu wanaouza ng'ombe. Mwenye haraka anamjua kwa namna anavyokataa chai. Anayeficha ugonjwa anamjua kwa namna anavyomsifu mnyama kabla hajaulizwa. Mikono yake hufungua mdomo wa ng'ombe, huhesabu meno, hupapasa ulimi, na wakati huo wote macho yake yako kwa mwenye mali. Basi Osiako akisema kuna mtu mmoja tu aliyewahi kumshinda katika mapatano, wenzake sokoni huacha kutafuna muwa wakamsikiliza. Mtu huyo ni mwanamke, ni mfupi, hanunui wala hauzi, na siku aliyomshinda alikuwa amekuja kuua.

Roda Awinja ndiye afisa wa mifugo wa pande za Sigalagala. Ana pikipiki nyekundu yenye sanduku la bati nyuma, viatu vya mpira vya kufika magotini, na saa kubwa ya mkononi ya kiume ambayo huitazama mara nyingi kuliko anavyowatazama watu. Asubuhi hukagua nyama na kuipiga muhuri. Mchana huzalisha, huchanja, hushona. Na mara chache kwa mwaka, ugonjwa mbaya ukiingia, huitwa kummaliza mnyama asiyeweza kupona, na kumwondoa asilete maafa. Hiyo ndiyo kazi ambayo wengi hawaiwezi. Wengine huifanya vibaya, wengine hujifanya hawakupata simu.

Alizaliwa Shianda, mtoto wa mkata miwa. Nyumbani kwao kulikuwa na maksai wawili wa kuvuta mkokoteni, na yeye ndiye aliyekuwa akitembea mbele yao kuwaongoza. Mmoja alitumbukia kwenye mtaro wa barabara akavunjika mguu. Majirani walileta shoka. Lilikuwa butu, na aliyelishika alikuwa mwoga, kwa hiyo walimpiga mara nne. Awinja haongezi chumvi kwenye hadithi hiyo. Husema tu kwamba zilikuwa nne, na kwamba ingetosha moja. Karo ya chuo cha mifugo aliitafuta kwa kuuza ingokho kila siku ya soko, na wateja wake wa zamani wanakumbuka kwamba kuku wale wa kienyeji hakuwa akiwashusha bei hata kidogo. Hakubishana na mtu. Ukitaja bei yako alikuwa akinyamaza, anakutazama, mpaka unaongeza mwenyewe na kumwambia ahsante.

Sasa tuje kwa Transfoma.

Transfoma alikuwa fahali wa kupigana, mali ya mzee Philemon, mstaafu wa kiwanda cha sukari aliyejenga karibu na Sigalagala. Alikuwa mweusi, shingo kama gunia la mahindi, na jina hilo alipewa siku alipomrusha mpinzani wake mpaka kwenye ua wa uwanja, watu wakasema huyu ana stima ndani. Siku za Jumamosi alitoka na ngoma za isukuti zikipigwa mbele, wanaume wameshika matawi, na Philemon akitembea ubavuni mwake akimwimbia wimbo mmoja wa chini chini ambao hakuna aliyewahi kuyasikia maneno yake vizuri. Watu waliokuwa wakimwimbia na kumpigia ngoma hawakuwa wakilipwa. Walichokuwa nacho ni haki: fahali akishindwa vibaya au akifika mwisho wake huchinjwa, na wao hugawiwa nyama. Hivyo ndivyo mambo yalivyo tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuuliza kama kuna namna nyingine.

Jumatatu ya wiki ile Transfoma aliacha kunywa. Jumanne udenda ulimtoka mdomoni kama nyuzi, na mlio wake ukabadilika ukawa wa kukwaruza, kama wa mtu aliyeshinda mazishini akiimba. Philemon alikuwa amempa miwa Jumapili, na katika nchi ya miwa kila mtu anajua maana ya ng'ombe anayetokwa na udenda: fundo la muwa limekwama kooni. Akampigia Osiako, kwa sababu hakuna mkono unaozijua koo za ng'ombe kama wa dalali.

Osiako alikuja, akakunja shati. Watu wawili walishika pembe, yeye akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia. Hakuna fundo, hakuna muwa. Wakati wa kuutoa mkono, magego yalimchuna vifundo vya vidole. Akajipangusa kwa jani la mgomba. Wanaume wote walikuwa wakimtazama, na Osiako hapendi kuondoka mahali bila jibu.

"Umeteremka," alisema. "Kufikia kesho atakunywa."

Akanywa chai, akaenda zake.

Hakunywa. Jumatano asubuhi aliupiga ukuta wa jiko kwa kichwa mpaka udongo ukaporomoka, kisha miguu ya nyuma ikaanza kumlegea. Walimfunga kwa kamba mbili kwenye mti wa mkaratusi. Philemon akakata shauri achinjwe kabla hajakonda. Alimwita Weldon wa bucha aje na visu vyake, akamwita Osiako aje asimamie mgawanyo, na wale wa ngoma hawakuhitaji kuitwa. Walifika na mifuko yao imekunjwa mifukoni. Mtu mmoja tu pale nyumbani ndiye aliyefanya jambo bila kushauriana. Musimbi, mke wa Philemon, aliingia chumbani akampigia simu Awinja.

Awinja aliizima pikipiki mbali, kwenye majani ya nepia, akaja akiisukuma.

"Mulembe," alisema.

"Mulembe, daktari," waliitikia, bila furaha.

Alisimama hatua kama ishirini kutoka kwa fahali, akaitazama saa yake, akamtazama mnyama kwa dakika nzima. Kisha akauliza kama mtu anayeulizia njia, "Maji anayakataa, au anayataka yasipite?"

"Anatia mdomo," Philemon alisema. "Hayapiti. Ni muwa huo. Osiako aliuteremsha, lakini nadhani ulimuumiza."

"Kuna mbwa aliyepita hapa?"

Philemon alitazama kando. Musimbi ndiye aliyejibu, mikono imekunjwa kifuani. "Mwezi uliopita. Mbwa mwekundu, si wa hapa. Alimrukia huyu puani, tukapiga kelele akakimbia. Kidonda kilikuwa kama ukucha."

"Ule ulikuwa mkwaruzo tu!" Philemon alisema.

"Kuka Philemon," Awinja alisema, akimwita babu kwa lugha ya kwao, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "dalili zote nilizoziona hapa ni za kichaa cha mbwa. Haponi. Dawa ya kumponya sina, na hakuna aliye nayo. Niliyo nayo ni ya kumlaza asiendelee kuteseka. Na sumu ya ugonjwa huu inakaa kwenye mate na kichwani. Inapita kwenye mchubuko mdogo tu. Mtu akiwahi hospitali anapona. Dalili zikishaanza, hakuna hospitali inayomrudisha."

Osiako alikuwa amesimama karibu na ngazi ya jiko. Mkono wake wa kulia uliingia mfukoni wenyewe, kabla hajauambia.

Lakini dalali ni dalali. Aliona wanaume wameanza kunung'unika, akasogea mbele kama anavyosogea sokoni mapatano yakikwama.

"Dada yangu," alianza, "wewe ni wa Shianda, mimi ni wa Butere. Sisi ni watu wa kule chini, tunaelewana. Huyu mzee anapoteza fahali. Tufanye hivi: kichwa tukifukie, ulimi tuufukie, nyama ya mwili iende. Wewe umechelewa njiani, ulikuta kazi imekwisha. Nani atakulaumu?"

Awinja alimtazama. Hakujibu.

"Au basi miguu ya mbele tu na mbavu," Osiako aliongeza.

Awinja alimtazama.

Hapo Osiako alihisi kitu ambacho yeye huwafanyia wengine kila siku: alikuwa anashusha bei peke yake. Akafunga mdomo kwa nguvu.

Weldon alicheka. "Moto unauanga kila kitu, daktari. Mimi nimeuza nyama miaka kumi na miwili."

"Moto unaua kilicho sufuriani," Awinja alimwambia. "Hauoshi kisu chako, na hauoshi mikono ya atakayechuna kichwa." Akafungua sanduku la bati, akatoa muhuri wake wa kukagulia nyama, akauweka juu ya kiti cha pikipiki mahali ambapo jua lilikuwa likiupiga. "Kesho saa kumi na mbili utaniletea nyama niipige muhuri, Weldon, kama kawaida. Sitaki kuanza kujiuliza kisu chako kililala wapi."

Hakutisha mtu. Aliuacha tu muhuri pale. Weldon aliutazama, akavitazama visu vyake, akaanza kuvifunga kwenye gazeti. "Mimi sikuwa hata nimevitoa," aliwaambia wenzake, na mmoja wao akamjibu, "Hapana, vilijitoa vyenyewe vikaja Sigalagala kutembea!" Watu wakacheka. Kicheko hicho kilimsaidia Awinja kuliko hotuba ya saa nzima.

Alibaki Philemon, na Philemon hakuwa anacheka.

"Fahali wangu hazikwi kama mbwa," alisema. "Na najua nyinyi. Mnakatanga kichwa mnakipeleka maabara. Transfoma aende bila kichwa? Bila pembe? Heri nimfungulie aende akafie barabarani."

"Unataka nini, Kuka?"

Mzee hakutarajia swali hilo. Alifikiri. "Pembe zake ziende naye. Na ngoma."

"Pembe zitaenda naye. Maabara wanataka kipande cha ubongo kama punje ya haragwe. Nitakitoa kisogoni kwa mrija, nyuma ya turubai, na kichwa kitabaki mahali pake. Kazi hiyo ni ngumu zaidi kwangu, lakini nitaifanya. Ngoma pia mtapiga, ila si sasa. Sasa hivi kila kelele inamchoma kichwani. Akishatulia kabisa nitainua mkono, mpige mpaka jioni."

"Aende bila kusikia chochote?"

Awinja alinyamaza kidogo, na safari hii hakuwa akipatana. Alikuwa anafikiri. "Kuna ule wimbo unaomwimbia njiani. Mwimbie huo. Wewe peke yako, kwa sauti ya chini, ukiwa nyuma ya ukuta wa jiko. Mate yake yasikufikie."

Philemon aliitikia kwa kichwa.

"Sasa zamu yangu," Awinja alisema. "Natoa mambo mawili, nataka mawili. Moja, shimo. Futi nane kwenda chini, kule juu, mbali na kisima. Waliokuja na mifuko wachimbe." Wale wa ngoma walitazamana. Walikuwa wamekuja kula, wakapewa majembe, na ajabu ni kwamba walikwenda. Mtu aliyeahidiwa ngoma yake anaweza kuchimba. "La pili, kila aliyemshika huyu mnyama tangu Jumapili, aje anawe."

Alimwomba Musimbi karai, mtungi wa maji na kipande cha sabuni. Akaitazama saa. Dakika kumi na tano kila mmoja, alisema, maji yakimiminwa, si kuloweka. Philemon alikuwa ameupangusa udenda kwa kitambaa siku mbili mfululizo. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Wale wawili walioshika pembe wakanawa. Osiako alifika wa mwisho, akauweka mkono wa kushoto chini ya maji, akaizungusha sabuni kiganjani kwa bidii kubwa. Wa kulia ulikuwa bado mfukoni.

Awinja alikuwa akimimina maji. Aliutazama mfuko ule. Akamtazama Osiako usoni. Akanyamaza.

Osiako aliijua mbinu hiyo tangu zamani, ingawa si yeye aliyeivumbua. Alijua kwamba anayenyamaza hana haraka, na kwamba anayezungumza kwanza ndiye anayelipa. Pia alijua kwamba watu kumi wanamsikia, na kwamba akifungua mdomo kesho sokoni watasema Osiako alidanganya, Osiako hakuona muwa akasema umeteremka. Jina la dalali likichafuka, atapatana na nani? Maji yaliendelea kumiminika kwenye mkono wa kushoto, ambao sasa ulikuwa msafi kuliko wakati wowote tangu ubatizo wake.

"Hakukuwa na muwa," alisema.

Awinja aliendelea kumimina maji. Akangoja yaliyobaki.

"Niliingiza mkono mpaka hapa. Hakukuwa na kitu. Nikasema umeteremka." Akautoa mkono wa kulia. Vifundo vitatu vilikuwa na magamba ya damu kavu. "Meno yalinichuna."

"Jana saa ngapi?"

"Saa kumi."

Awinja aliitazama saa. "Bado una nafasi nzuri," alisema, akaushika mkono ule kwa glavu akauweka chini ya maji kama alivyoishika mikono ya wengine. "Lakini leo, si kesho. Wewe na Kuka na hawa wawili, nikimaliza hapa tunakwenda hospitali Kakamega. Sindano ya kwanza leo, na wewe utaongezewa nyingine kwenye kidonda. Kisha ya siku ya tatu, ya saba, na zinazofuata. Hakuna kuruka hata moja."

Hakumkemea. Osiako anasema angemkemea ingekuwa rahisi zaidi, kwa sababu angepata la kujibu.

Shimo lilipompita mchimbaji kimo, Awinja alijifunga aproni ya mpira na kuvaa kinga ya uso. Aliwarudisha watu wote nyuma ya ua. Alichukua fimbo ndefu yenye sindano kwenye ncha, akamzunguka fahali taratibu kutoka upande wa nyuma, akamdunga pajani mara moja. Transfoma aliruka, akavuta kamba, mkaratusi ukatikisika mpaka juu. Kisha kukawa kimya, na kutoka nyuma ya jiko ukaanza kusikika wimbo wa Philemon.

Awinja hakumkaribia. Wengine wangemkaribia, watu walikuwa wakimtazama, na jua lilikuwa kali. Alisimama na saa yake. Dakika ya nne fahali alishusha kichwa. Ya saba magoti yalikunjika, akalala taratibu kama ng'ombe anayecheua kivulini. Alingoja nyingine tano. Ndipo akaenda, akapiga goti nyuma ya shingo yake, akautafuta mshipa mkubwa, akatia dawa ya pili. Bomba moja, la pili, la tatu. Kifua kilipanda, kikashuka. Kikapanda tena kidogo. Kikashuka, hakikupanda tena.

Akamgusa jicho kwa ncha ya kidole, halikupepesa. Akaweka mipira ya kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, akasikiliza huku akiitazama saa, dakika tano kamili, kijasho kikimtiririka. Osiako, aliyeona ng'ombe wengi wakifa katika maisha yake, alijikuta anahesabu. Hakukuwa na kishindo, hakukuwa na mlio. Alikufa mara moja tu, si mara nne kama yule maksai wa Shianda.

Awinja aliinua mkono, na isukuti zikalipuka.

Alifanya kazi yake ya mrija nyuma ya turubai. Wakamburura kwa kamba ndefu, pembe zake zikaingia shimoni pamoja naye. Awinja alimwaga chokaa mwenyewe, na kabla ya udongo kurudishwa aliwaambia waliokuwa bado wanapima mapaja kwa macho kwamba dawa aliyomtilia ipo kwenye kila kipande cha nyama, na mbwa akimfukua atalala palepale. Mtu naye si mbali na mbwa. Walishindilia udongo kwa miguu, wakicheza juu yake, wakaongeza mawe bila kuombwa.

Philemon alimfuata penye pikipiki. Alikuwa amepoteza fahali aliyemfanya ajulikane kutoka Sigalagala mpaka Khayega, na hakuwa amepata hata ngozi. Osiako alimsikia kwa masikio yake akisema, "Ahsante, daktari." Mapatano ya namna hiyo Osiako hajawahi kuyaona, ambapo anayetoa kila kitu ndiye anayeshukuru.

Majibu ya maabara yalirudi wiki iliyofuata, na yalikuwa vile alivyosema.

Osiako alimpelekea jogoo. Alimchagua mwenyewe, mwekundu, mzito, akaingia naye ofisini akiwa amemshika miguu.

Awinja alimpokea, akampima kwa mkono mmoja, akampapasa kidari. Mchuuzi wa Shianda alikuwa bado yumo ndani yake. "Jogoo mzuri," alisema. "Kadi yako iko wapi?"

Osiako aliitoa. Awinja aliisoma, akaitazama saa, ingawa tarehe haikai kwenye saa ile.

"Ya siku ya kumi na nne ilikuwa jana."

"Jana ilikuwa soko, daktari. Nilikuwa na ng'ombe sita wa mtu. Siku moja tu."

Awinja alimrudishia jogoo.

"Daktari, si unipokelee tu? Nitapita hospitali nikitoka hapa. Njiani."

Kimya.

"Au nimwache hapa, niende, nirudi."

Kimya. Jogoo aliwika mara moja, akaona haya akanyamaza.

Osiako alitoka na jogoo kwapani, akapanda bodaboda mpaka Kakamega, akapanga foleni pamoja naye mbele ya akina mama waliomcheka, akadungwa, akarudi saa tisa na kadi mkononi. Awinja aliikagua kadi kwanza. Kisha akamchukua jogoo.

Siku hizi sokoni, ng'ombe akitokwa na udenda na mtu akaanza kukunja shati, Osiako ndiye humshika kiwiko. Huuliza kuhusu mbwa kabla hajauliza bei. Wanaomjua huwa wanamtania: "Osiako, tueleze, ule muwa uliteremka?" Naye hujibu bila kuona haya, akionyesha vifundo vitatu vyenye makovu, kwamba muwa haukuwepo, kisha humpigia Awinja simu.